Kopo la Rangi ya Kahawia

Kila siku baada ya Alasiri, Badriya hufungua mlango wa ukumbi wa mtaa. Hufagia, hupanga makaratasi na brashi, kisha hungoja watoto.

Badriya ni mwalimu wa uchoraji hapa Sur, mji wa pwani ya Omani. Baba yake, Mzee Hashil, ni mpiga ngoma. Ni watu weusi, Waomani wa tangu mababu, na nyumbani kwao Kiswahili bado kinasemwa. Mtaa wao una nyumba za mbele na nyumba za nyuma. Watoto wa huku na wa kule walikuwa wakipishana, simu mikononi, kama wasiojuana. Badriya aliudhika. Akaomba ukumbi, ili awafundishe wote pamoja.

Ili kuwavutia, aliuchora ukuta mzima peke yake. Alichora ngome, birika la kahawa, majambia, mitende, na watu wamevaa nguo za sikukuu. Watu walipita, wakasema "Mashallah," wakaenda zao. Watoto waliokuja walikuwa watatu, na mmoja alifuata kiyoyozi tu.

Mzee Hood, mwenye funguo za ukumbi, alikuja kumwona.

"Binti yangu, Idd ikifika na hali ni hii, humu tutafanya stoo ya viti vya harusi. Usinione mbaya."

Alipoondoka, Badriya aliketi sakafuni. Jirani yake, Bi Umkulthum, akamkuta hapo. Bi Umkulthum aliwahi kuongoza darasa la kazi za mikono la akina mama kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Bi Umkulthum."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejiinamia?"

"Mtaa huu hautaki sanaa."

"Nani kakwambia? Mtaa huu ngoma ikilia hata mgonjwa huinuka. Baba yako kauona ukuta?"

"Kauona. Kasema mzuri, akaenda zake."

Bi Umkulthum aliutazama ukuta. Kisha aliinama, akaokota kopo moja la rangi. Lilikuwa karibu kujaa.

"Hii ya kahawia umeitia wapi?"

"Kwenye mitende na milango."

"Na watu?"

Badriya aliinua macho. Watu wote ukutani walikuwa weupe.

"Nilitaka kila mtu aupende," alisema. "Niliogopa wataniambia nimechora Afrika."

"Kwa hivyo ukajitoa weye, ukamtoa na baba yako."

Badriya aliona haya mpaka machozi yakamlenga. Bi Umkulthum akaketi karibu yake.

"Si kosa lako peke yako. Tumezoea. Harusini tunaitwa tupige na tuimbe, asubuhi tumeshasahauliwa. Lakini wallahi, hili linatengenezeka. Usiwachoree watu, chora nao. Nenda nyumba kwa nyumba. Uliza nani anafaa kuwa ukutani. Muombe mwenyewe ruhusa. Asiyetaka uso wake uonekane, mchore kwa nyuma. Wazee wasimulie, watoto wachore. Na baba yako asikae nyumbani. Aje na ngoma yake."

"Mzee Hood akikataa?"

"Idd bado. Yallah, inuka."

Badriya aliinuka. Alipaka chokaa nusu ya ukuta, hata birika la kahawa alilojivunia likafutika. Iliuma. Kesho yake alianza kugonga milango, nyumba za mbele na za nyuma. Baadhi ya watu walisema watafikiri. Aliwarudia. Bi Shukriya, mwimbaji wa harusi, alikubali kwa sharti achorwe kwa nyuma na kanga yake nzuri ionekane.

Mzee Hashil alikuja na ngoma yake. Tangu afiwe na mkewe alikuwa hatoki ila mara mojamoja. Alisimama, watoto wakamchora, Badriya akiwaongoza mikono. Mwisho mzee akasogea kujitazama.

"Ongeza weusi," alisema. "Miye si chai ya maziwa."

Watoto walicheka, wakaongeza. Kisha akawafundisha kupiga ngoma. Ngoma iliposikika nje, watoto wengine wakaja kuchungulia, wakaingizwa. Mama zao wakawafuata na thermosi za kahawa. Wakakaa, wakazungumza. Hapo ndipo wa nyumba za mbele walipojua kwamba nyumba za nyuma kuna mama anaumwa, wakaenda kumtazama. Hii ndiyo kazi ya sanaa katika mtaa. Inawapa watu sababu ya kukaa pamoja, lakini kila mtu lazima ajione yumo.

Siku chache kabla ya Idd, Mzee Hood alikuja kupima nafasi ya viti. Hakupata hata pa kuweka kiti kimoja. Alipita ukutani polepole, akasimama mbele ya mwanamke aliyevaa kanga, mgongo kwa watu.

"Huyu Bi Shukriya," alisema. "Namjua kwa mabega. Ndiye aliyeimba kwenye harusi yangu. Nami sijapata kumwambia ahsante."

"Yupo pale, anamimina kahawa," alisema Badriya. "Kamwambie."

Mzee Hood alikwenda. Walizungumza kitambo. Aliporudi, alimtilia Badriya funguo za ukumbi mkononi.

"Viti nitavitafutia pahala pengine," alisema.

Badriya alizikamata funguo, asijue acheke au alie. Kisha akamwita binti yake, Raghad, aliyekuwa akichora na wenzake.

"Nenda dukani. Rangi ya kahawia imekwisha. Leta kopo kubwa."