Zawadi ya Dira

Minza anaishi kisiwani, katikati ya ziwa kubwa. Mama yake ni nahodha wa boti.

Leo wanamrudisha Bibi nyumbani. Bibi alikuwa hospitali siku nyingi.
"Nakitamani kitanda changu," anasema Bibi.

Tuk-tuk-tuk, boti inaondoka.

Mbele ya Mama kuna dira. Mshale wake mwekundu huonyesha kaskazini. Nyumbani ni kaskazini.
Kila safari, Mama huigusa kwa kidole na kusema:
"Asante, dira. Tupeleke nyumbani."

Minza anawaza. Dira hufanya kazi kila siku. Nani amewahi kuipa zawadi?

Mfukoni ana sumaku, aliyoitoa kwenye redio mbovu. Anaipenda kuliko vitu vyake vyote.
Anaiweka polepole kando ya dira.
"Asante, dira. Tupeleke nyumbani."

Mshale unageuka. Mama haoni. Anamfunika Bibi khanga.

Ukungu unashuka. Kila mahali ni peupe pe!
Mama anafuata mshale. Tuk-tuk-tuk.

Kwaa! Kwaa!
"Mwanangu, zima mashine," anasema Bibi. "Nasikia ndege. Ndege hao hukaa kwenye miamba."

"Lakini Mama, dira inasema twende huku," mama yake Minza anamwambia Bibi.

"Shusha jiwe kwanza. Baba yangu hakuwa na dira. Alikuwa na jiwe na kamba."

Mama anafunga jiwe kwenye kamba. Chubwi!
Mara, ko! Jiwe limegonga mwamba.

"Miamba iko chini yetu!" anasema Mama. "Dira, leo una nini?"

Minza anautazama mshale. Mshale unaitazama sumaku.
Moyo wake, du-du-du.
"Mama... nimeipa zawadi."

Anaichukua sumaku. Anakwenda nayo nyuma kabisa ya boti.
Mshale unageuka, unageuka, unatulia.

"Lo! Kumbe nyumbani ni kule!" anasema Mama.

Bibi anacheka mpaka anakohoa.
"Mjukuu wangu, mimi ukitaka kunishukuru, nipe chai."

Tuk... tuk... tuk. Boti inarudi nyuma taratibu, kisha inageuka. Ukungu unafunguka. Lile pale, paa jekundu la nyumbani!

Jioni, Minza amelala kando ya Bibi. Sumaku iko chini ya mto.
"Asante, jiwe," ananong'ona. "Asante, kamba. Asante, ndege."

"Na dira je?" anauliza Bibi.

"Nimeifuta kioo, Bibi. Kwa pindo la gauni langu. Sasa inang'aa. Imefurahi?"

Bibi anakoroma.
Amelala fofofo, kitandani kwake.