Chuma Namba Tisa

Jumatatu hiyo mama yangu mdogo, Batuli, alikuwa anapanga foleni ya wagonjwa kama kila Jumatatu, huku akipiga miayo. Alikuwa nesi wa chumba cha meno katika hospitali moja hapa Tabora. Ipi, msiniulize. Habari hii alinisimulia mwenyewe nyumbani kwetu Kanyenye, na mama mdogo hakuwa mtu wa porojo. Hata kucheka alicheka kwa kipimo.

Barua ililetwa siku hiyo. Miaka miwili nyuma, daktari mmoja mgeni aliwachomekea watu tisa vyuma ndani ya taya, ili vishike meno ya bandia. Kila chuma kilichongwa namba, na daftarini namba ikaandikwa mbele ya jina la mgonjwa na kijiji chake. Sasa barua inasema vyuma vya boksi lile ni vibovu, vinaozesha taya na kutia sumu kwenye damu. Vitolewe vyote, upesi, kabla watu hawajafa. Daktari mwenyewe alishakwenda zake kwao. Nani awatafute? Batuli, nani mwingine!

Ulikuwa mwaka sabini na tano. Watu walishahamishiwa vijiji vya ujamaa, na vijiji vya daftarini vilishabaki mahame. Mama mdogo alizunguka, Igunga kwa lori la pamba, kwingine kwa baiskeli, kwingine kwa miguu, hadi visigino vikapasuka.

"Nilichoka, mwanangu," aliniambia. "Nilichoka mpaka kulia kukanishinda."

Wanane akawapata, akawatoa vyuma, wakapona. Akabaki wa tisa, Mama Koleta wa Usinge. Huyo ndiye ambaye Batuli alimshika mkono siku ya kuchomekwa na kumwambia, "Kikikusumbua tu, nitakuja mwenyewe." Ahadi ni deni, na lile lilimnyima usingizi.

Akapanda treni ya Kigoma, akashuka Usinge, akatembea saa mbili mpaka kijiji kipya. Balozi wa nyumba kumi, mzee Jilala, akampa kiti.

"Shikamoo mzee. Namtafuta Koleta."

"Marahaba. Koleta... alihama."

"Kila mtu alihama, mzee. Yeye alihamia wapi?"

Jilala akatazama huku na huku. Wanawake waliokuwa wakitwanga jirani wakaacha kutwanga.

"Hakupanda lori," akanong'ona. "Uso ulimvimba, mdomo ukanuka. Watu wakasema amekula nyama ya mtu, ndiyo inamrudi. Tukamwacha kule kwake."

"Akiwa hai?"

Jilala aliinamisha kichwa. Alionyesha njia kwa kidevu, wala hakumsindikiza.

Jua la saa saba lilikuwa linachoma. Mahame yalikuwa kimya, mapaa yote yameshang'olewa, isipokuwa la nyumba moja. Mlango wa nyumba hiyo ulizibwa kwa miiba. Kwa nje.

"Hodi," mama mdogo akaita.

"Karibu, nesi. Umechelewa."

Maskini, alifurahi! Mtu wake yu hai. Akaivuta miiba mpaka mikono ikatoka damu, akaingia. Mama Koleta alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kajifunika kanga usoni. Akaishusha, akafungua mdomo bila kuambiwa. Mama mdogo akatoa koleo. Chuma kilitoka bila kung'ang'ania. Akakandamiza pamba kwenye ufizi, akangoja, akaitoa.

Nyeupe. Hata tone la damu hakuna.

Hapo ndipo alipotazama vizuri. Mtungi ulikuwa mkavu, umetandwa na utando wa buibui. Mchwa wamejenga juu ya mafiga. Ufizi ulikuwa wa baridi. Na vidole vyake vilivyokuwa mdomoni mwa mgonjwa havikusikia pumzi.

Alitaka kukimbia.

"Nisamehe, mama," akanong'ona.

"Wewe umekuja," sauti ikasema, na midomo haikusogea. "Wale wengine nitawafuata mwenyewe."

Jinsi alivyofika stesheni hakujua mpaka anakufa. Pale akamuuliza muuza chai malori yaliwabeba watu lini. Agosti ya mwaka jana, akaambiwa. Na hiyo ilikuwa Juni.

Akarudi Tabora, akaandika: namba tisa, kimetolewa. Akalala siku mbili mfululizo.

Wiki ya tatu, asubuhi, mzee Jilala akaingia chumba cha meno, shavu limevimba. Mzee yule hakuwahi kukanyaga hospitali maishani mwake. Mama mdogo akamfungua mdomo. Kule nyuma, ndani ya taya, kulikuwa na chuma. Akakivuta, akakiosha, akakisogeza dirishani akakisoma.

Namba kumi.

Boksi lilikuwa na vyuma tisa tu.

"Mzee," akasema polepole, "mlikuwa wangapi mlioziba ule mlango?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Jilala. Alinyoosha kidole nje. Kwenye benchi, na chini, na mpaka getini, watu walikuwa wamekaa, wameshika mashavu.

Mama mdogo alishusha pumzi. Alikuwa amechoka hata kuogopa. Akachukua rula, akaanza kuchora mistari.

Daftari hilo sasa ninalo mimi. Linaishia namba sitini na saba, mwandiko wote ni wake, mzuri, umenyooka. Mna safu ya mgonjwa, safu ya kijiji, na safu ya aliyechomeka. Kuanzia namba kumi kushuka, katika safu hiyo ya mwisho ameandika jina moja tu. Koleta.