Kinu cha Mama Chimène

Haya yalimpata rafiki yangu Salomon, mwandishi wa habari kwenye redio moja ya hapa Kasongo. Tangu siku hiyo hataki kuvaa kaske za kusikilizia.

Mama Chimène wa Wamaza alimweleza, huku akitwanga mihogo, namna watu wa barieri, vile vizuizi vya barabarani, wanavyonyang'anya akina mama mizigo ya soko. Akaomba kitu kimoja tu.

"Sauti yangu isipite ku redio. Mutu mwingine asome maneno yangu."

"Usiogope, mama," Salomon akamjibu. "Sauti yako haitatoka."

Akaipitisha vilevile ilivyo, kwa sababu ilikuwa inagusa kuliko ya msomaji yeyote. Wiki hiyohiyo mama akapotea.

Juzi Salomon alirudi Wamaza kwa pikipiki, kutafuta habari za barabara, akasimama kwenye ile nyumba. Ilikuwa mchana, lakini ndani giza tupu, na kinu kimelala ubavu kimejaa utando wa buibui. Akatia kadi mpya, isiyo na kitu, kwenye kinasa sauti, akarekodi ule ukimya. Hakusikia hata panya.

Studioni akavaa kaske.

"Nilisikia mchi," aliniambia bila kuniangalia. "Unatwanga polepole. Halafu ukasimama, kama alivyousimamisha siku ile nilipomjibu. Ikaja sauti yangu mimi: 'Usiogope, mama. Sauti yako haitatoka.' Kisha yeye, karibu kabisa na sikio langu: 'Aksanti, mwanangu. Nakuamini.'"