Pikapu Moja, Matela Mawili

Jumamosi asubuhi, Janeen Tollefsrud alikuwa anatoa pai kwenye oveni. Nje, mumewe Verlyn alikuwa anachomelea chuma. Cheche zinaruka mpaka kwenye majani. Baba yake Verlyn, mzee Orrin, alikaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni mwa gereji. Kahawa mkononi. Macho yote kwenye boti yake.

Na boti yenyewe, jamani! Ya mbao tupu. Mzee Orrin aliitengeneza mwenyewe, ubao kwa ubao, msimu mmoja wa baridi, yeye na marehemu ndugu yake. Sasa mzee ana miaka themanini na sita. Moyo umechoka. Wiki iliyopita daktari alimwambia, "Mzee, kama unataka kwenda ziwani, nenda kiangazi hiki."

Hakusema lolote kuhusu kiangazi kijacho. Na mzee hakuuliza.

Shida ni hii. Ziwa lenyewe ni mwendo wa saa tano. Mzee anahitaji kulala kila baada ya muda, na choo kiwe karibu. Kwa hiyo lazima waende na tela la kulala, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani. Lakini bila boti, ziwani anaenda kufanya nini? Pikapu ni moja. Janeen amepasuliwa jicho, haruhusiwi kuendesha. Na Verlyn ana siku nne tu za safari, kuanzia Alhamisi, kabla majani ya ng'ombe hayajawa tayari kukatwa tena.

Ndiyo maana Verlyn akaamua: pikapu mbele, tela la kulala katikati, tela la boti nyuma kabisa. Vyote kwa mpigo.

"Utatuua," Janeen alisema, akiwa ameshika pai yake.

"Mbona watu wanavuta mawili kila siku?"

"Watu gani? Watu wanaojua, au watu kama wewe?"

Mzee Orrin akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Wakati huo jirani yao, Lavonne Dvorak, alikuwa anavuka barabara na trei ya mayai. Huyu mama usimwone hivi! Majira thelathini alifuata mavuno ya ngano, kutoka kusini hadi mpaka wa Kanada, pamoja na timu ya mashine za kuvunia. Alikuwa anavuta matela mawili kama mtu mwingine anavyobeba mikoba miwili. Akaweka mayai chini. Akatazama kile Verlyn alichokuwa anakichomelea.

"Verlyn, baba, hiyo ndoano ya kuvutia boti umeichomelea wapi hapo?"

"Kwenye bampa la tela. Si chuma hicho?"

 Lavonne aliinama pembeni ya bampa, akafungua kifuniko cha plastiki, akaingiza mkono ndani. Akaanza kuvuta. Likatoka bomba. Likaendelea kutoka. Bomba refu la kutolea maji machafu ya choo, lile ambalo kila mwenye tela la kulala huku analiweka ndani ya bampa.

"Hiki ni chuma?" aliuliza. "Hiki ni kopo, bwana wee! Kopo la kuwekea bomba la choo. Na ndicho unataka kivute boti ya baba yako?"

 Verlyn akagonga bampa kwa kidole. Lililia kama ndoo tupu. Akawaza boti ikichomoka kwenye mteremko, magari yanakuja mbele. 

"Basi hatuendi," alisema polepole. Hakuthubutu kumtazama baba yake.

"Nani kasema hamwendi?" Lavonne alisema. "Nimesema hamwendi hivyo. Janeen, kata pai. Tuanze na sheria."

Walikaa mezani.

"Kwanza," Lavonne alisema, "kila jimbo lina sheria yake. Kuna majimbo yanakataa kabisa gari dogo kuvuta mawili. Mengine yanataka leseni ya nyongeza. Ukivuka mpaka bila kuuliza, umekwisha. Ziwa lenu liko jimbo gani?"

"Hapa hapa kwetu."

"Bahati yako. Piga simu polisi wa barabara kuu. Usiniamini mimi, usimwamini shemeji yako, wala mtu yeyote wa kwenye simu yako. Waulize wenyewe."

Verlyn alipiga. Aliandika majibu nyuma ya bahasha. Tela la kwanza lazima liwe lile la shingo, ambalo shingo yake inapanda juu ya pikapu na kushikwa ndani ya bodi, juu ya magurudumu ya nyuma. Lao lilikuwa la namna hiyo. Urefu wote, kutoka pua ya pikapu mpaka mkia wa boti, usizidi futi sitini na tano. Breki na taa zifanye kazi mpaka nyuma kabisa. Cheni za usalama kila mahali panapounganishwa.

"Na baba akae ndani ya tela, ajilaze wakati tunaenda?" Janeen aliuliza.

"Usithubutu," Lavonne alisema. "Tela la katikati linarushwa, linayumba, na dereva hamsikii aliye ndani. Mzee akae kwenye pikapu, afunge mkanda. Akichoka, mnasimama, anaingia kulala."

"Hata mimi sitaki kukaa humo," mzee alisema. "Nataka kuona."

Jumatatu ndoano ilikatwa kwenye bampa. Fundi wa mjini, mwenye kazi ya matela, alitengeneza mpya akaishikiza kwenye chesisi, ile mifupa minene ya chini ya tela. Akaliwekea tela la boti breki zake lenyewe. Akafunga pia kamba nyembamba ya chuma: tela likichomoka, kamba inavutwa, breki zinajikamata zenyewe.

Jumanne walipima. Futi sitini na tatu! Verlyn alirudia kupima mara mbili, hakuamini. Halafu wakaenda kwenye mizani kubwa ya ghala la nafaka, pale wakulima wanapopimia malori. Namba zikapanda, zikapanda, zikapanda. Weee! Pauni elfu kumi na tisa na ushee. Janeen akashika mdomo.

"Sasa soma kibandiko cha mlango wa pikapu na kile kitabu chake," Lavonne alisema. "Kinasema mwisho ngapi, vyote pamoja?"

"Elfu ishirini na mbili."

"Umepona. Lakini toa kuni zote na umwage maji ya tangi. Uzito wa bure wa nini? Na kumbuka, zito linakaa mbele, jepesi nyuma. Siku zote. Ukigeuza, la nyuma litawatikisa kama mbwa anavyotikisa panya."

Jumatano ilikuwa siku ya kujifunza. Uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa la Kilutheri ulikuwa mtupu. Lavonne alipanga ndoo tano.

"Pita. Usiguse ndoo."

Verlyn alipita vizuri. Pikapu ikapita. Tela la kulala likapita kwa shida. Tela la boti likakata kona kwa ndani, likapanda juu ya ndoo. Pwaa!

"Huyo alikuwa mtu," Lavonne alisema. "Rudia. Nenda mbele zaidi kabla ya kukata kona."

Mara ya sita hakuna ndoo iliyokufa. Verlyn akaweka gia ya nyuma kwa furaha.

"Simama!" Lavonne alipiga kelele. "Mawili hayarudi nyuma. Hata mimi sirudishi. Ukikwama, teremka, fungua boti, uirudishe peke yake. Kwa hiyo chagua kituo cha mafuta unachoingilia huku na kutokea kule. Na tela likianza kuyumba, usipambane na usukani, usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani sawa. Bonyeza breki ya matela kwa mkono, kile kitufe karibu na usukani, taratibu, mpaka yatulie. Upepo ukiwa mkali, egesha ule pai."

Alhamisi wakaondoka. Mwendo wa taratibu, nafasi kubwa mbele. Kila kituo Verlyn alizunguka akashika cheni, akagusa matairi kama yamepata moto, akamwomba Janeen aangalie taa. Walisimama mara nne mzee alale. Mara moja upepo ulivuma ubavuni na matela yakaanza kucheza. Verlyn akatoa mguu. Mkono ukabonyeza. Yakatulia. 

Halafu wakafika kwenye kona ile ndefu inayoshuka kuelekea majini. Mzee Orrin akageuka dirishani. Na huko nyuma, kwenye mzunguko wa barabara, akauona msafara wote kwa mara moja: nyumba nyeupe inatembea juu ya magurudumu, na nyuma yake, jua limeipiga ubavuni, boti yake inateremka kilima. Inakuja. Inafuata kila kona bila kukosea.

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini.

"Tazama," alisema. Basi. Neno moja.

Kambini walifungua boti kwanza, ndipo Verlyn akairudisha peke yake mpaka majini. Maji yakaanza kuingia kati ya mbao. Janeen akashtuka.

"Inazama!"

"Inakunywa," mzee alisema. "Imekauka miaka mingi. Iacheni inywe mpaka ishibe."

Wakaifunga gatini, wakaiacha usiku kucha. Asubuhi mbao zilikuwa zimevimba, zimebanana. Verlyn akachota maji yaliyobaki. Hayakuingia mengine. Mzee akakaa nyuma, akashika mpini wa injini. Yeye na Verlyn wakaenda mpaka katikati ya ziwa. Akazima injini.  Watu kwenye boti zao za kung'aa wakageuka, wakatazama zile mbao tu.

Saa ikapita. Ufukweni Janeen akapunga kitambaa.

"Baba, chakula tayari," Verlyn alisema. "Turudi?"

Mzee Orrin alikuwa ameweka kiganja majini, anakiacha kielee.

"Nyinyi nendeni mkale," alisema. "Mimi bado."