Mpishi Mpya wa Nyumba ya Ljutica

Haya aliniambia Stamena mwenyewe, Septemba moja tulipokuwa tukichoma pilipili za akiba barazani, miaka miwili kabla hajafariki. Tulikaa jengo moja miaka kumi na minne, yeye juu, mimi chini. Nilijua ni mpishi tu.

Nokia yake iliita saa mbili asubuhi. Ile ambayo hakuna aliyekuwa na namba yake.

"Chumvi imekwisha," sauti ilisema.

"Nikanunue wapi?"

"Dedinje, mtaa wa matajiri. Kwa Ljutica. Wanatafuta mpishi wa nyumbani."

Ikakatika.

Mkuu wake wa idara ya ujasusi, Gvozden, alimweleza ndani ya gari, Yugo nyeupe iliyokuwa baridi kama kaburi. Ratibor Ljutica alikuwa na orodha ya majina kumi na moja: majasusi wetu walioko nje. Ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, haimtoki mwilini. Angemkabidhi mnunuzi siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wake.

"Na slava haina kadi za mwaliko," alisema Gvozden. "Anayebisha hodi anakaribishwa. Tukiwahi, mnunuzi anapotea. Tukichelewa, tunazika watu kumi na mmoja. Nitajie mnunuzi ni nani, basi."

"Mtakatifu gani?"

"Nikola."

Nikola alikuwa mtakatifu wa baba yake Stamena. Lakini kwao slava ilirithiwa na mwana wa kiume, na baba yake alimzaa Stamena peke yake. Miaka thelathini alikuwa akipika slava za watu.

Wapishi watatu walisimama mbele ya Bibi Jevrosima, mama yake Ratibor, miaka themanini na sita, kitambaa cheusi kichwani.

"Nitapika samaki kwa siagi na krimu," alisema wa kwanza, mwenye cheti cha Vienna.

"Siagi? Siku ya Nikola, katikati ya mfungo? Rudi Vienna, baba, ukawalishe wapagani wako."

Wa pili alisema anapika chochote wanachotaka.

"Basi hujui kupika. Na wewe, uliyenuna?"

"Samaki kwa mafuta na vitunguu," alisema Stamena. "Kabichi za kuviringishia wali. Maharage ya kuoka. Ngano ya mtakatifu nasaga kwa mkono. Mashine inaifanya uji."

Bibi akamtazama. "Una mume?"

"Sina."

"Watoto?"

"Sina."

"Masikini. Vaa aproni."

Wiki mbili walichambua maharage pamoja. Kila jioni bibi aliuliza, "Umekula, binti yangu?" Swali hilo Stamena hakuwa ameulizwa tangu mama yake afe.

Siku ikafika.

"Kijiko, unanisikia?" Gvozden alinong'ona kupitia kidude sikioni mwa Stamena, akimwita kwa jina la kazi.

"Nakusikia."

"Vipi?"

"Wageni hamsini na watatu. Wote wanakula."

Kupitia mlango wa jikoni alimwona Ratibor amesimama, kama inavyompasa. Mwenye slava humimina, hutania, huhudumia, wala hagusi kiti mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Alisimama mbele ya jaji. Alisimama mbele ya kasisi.

Saa tisa na dakika kumi, akaketi.

Kando ya mwanamume mwenye sweta ya kijivu. Mkono wake ukaingia chini ya kitambaa cha meza.

"Ratibor!" bibi alipaza sauti. "Miguu imekatika? Baba yako alisimama na goti bovu!"

Watu wakacheka. Ratibor akaruka juu, uso mwekundu.

Stamena hakucheka.

"Sweta ya kijivu," aliiambia kola yake, penye kipaza sauti. "Amepokea."

"Tumeziba mlango wa mbele."

Lakini Ratibor alimwonyesha mgeni mlango wa jikoni.

Yule wa sweta ya kijivu akaingia, mkono mmoja ndani ya koti. "Nipishe, dada. Nimechelewa."

"Wewe nawe! Utatoka kwenye slava mikono mitupu, utuaibishe?"

Akamsukumia sinia zito, limefunikwa, linafuka mvuke. Mtu huyo alikuwa amefundishwa vizuri desturi zetu. Kifurushi cha slava hakikataliwi. Akalipokea kwa mikono miwili.

Stamena akachomoa bastola yake, Zastava, kwenye pipa la unga.

"Usiliangushe. Nimeamka alfajiri kwa ajili yake."

Vijana wa Gvozden waliingia. Kadi ilikuwa ndani ya soksi ya mnunuzi. Watu kumi na mmoja wangeuona mwaka mpya.

Ratibor akatolewa na pingu. Bibi Jevrosima alisimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Mama," alisema Stamena, "watu wangekufa."

Bibi akamwelekezea fimbo.

"Vua aproni yangu."

Akaivua. Akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Akapangusa unga kwenye bastola, akatoka bila haraka.

"Kazi safi, Kijiko. Nikufikishe?"

"Nitapanda tramu."

Nyumbani, saa kumi na moja jioni, aliwasha mshumaa wa Nikola, wa kwanza tangu baba yake afariki. Akaweka samaki wa kopo na glasi mbili za rakija, pombe yetu kali ya matunda. Mlango akauacha bila komeo.

Kisha akasimama.

Mimi chini nilisikia nyayo zake juu ya kichwa changu, huku na huku. Nilidhani anafagia.

Alisimama mpaka mshumaa ulipokwisha. Ndipo akavuta kiti, akaketi, akaegemeza kichwa mezani karibu na glasi ya mgeni, ingali imejaa, na usingizi ukamchukua.