Sura ya Tisa Ilikuwa ya Kweli

Veronicah alimzaba kakangu Mutie kofi mchana peupe, pale nje ya maduka ya Adams Arcade, watu wakitazama... naye hakuinua hata mkono kujikinga.

"Ulimsikia?" akamuuliza. "Shemeji, ulimsikia akibisha?"

Mutie alitazama viatu vyake.

"Basi usikuje kwangu tena. Mwelu nitampeleka shule mwenyewe."

Akaondoka. Hapo ndipo nilijua ndugu yangu amekwisha, na aliyemmaliza ni mimi.

Ngoja niwaeleze. Mtanitukana mkimaliza kusoma.

Naitwa Kaindi. Mchana nauza vitabu katikati ya jiji, jioni naandika. Mwaka jana nilitoa riwaya ya vita vya mwaka 2091. Droni zinanusa jasho la binadamu, wanajeshi wamejificha chini ya ardhi, Nairobi yote ni giza.

Wasomaji wakajaa kwenye ukurasa wa kitabu na maoni yao.

Stellah: "Hizo droni zimeninyima usingizi. Nyota tano."

Waweru: "Vita iko sawa, lakini mapenzi iko wapi? Nyota tatu."

Muigai: "Hizo mashine zinachajiwa wapi na stima yetu hii?"

Nilicheka, nikajiona nimefika. Lakini kulikuwa na mmoja aliyejiita Mtu wa Kawaida, na huyo alinitoa jasho.

"Nyota moja. Sura ya tisa ni uongo mtupu. Soja hawezi kumfungia rafiki yake nje akisikia anabisha. Mwandishi hajui vita. Toa hiyo sura."

Aliandika hivyo mara nane kwa mwezi mmoja. Mpaka wengine wakaanza kumfuata, eti kweli, sura ya tisa imetiwa chumvi.

Iliniuma sana. Kwa sababu katika kitabu kizima, sura ya tisa ndiyo pekee ambayo sikuitunga.

Mutie alikuwa mwanajeshi. Alitumwa nje ya nchi pamoja na rafiki yake Nzuki, mume wa Veronicah. Kambi yao ikavamiwa. Mutie akarudi mzima, Nzuki akarudi kwenye jeneza. Veronicah aliambiwa mumewe alikufa papo hapo, hakuumia.

Ukweli niliambiwa mimi peke yangu, jikoni kwangu, kakangu akilia hadi kamasi. Adui alikuwa akimfuata Nzuki kwa nyuma. Mutie alifunga mlango wa chuma wa handaki ili wale kumi waliokuwa ndani wapone. Nzuki akabaki nje akibisha na kuita jina la Mutie.

"Hii usiandike, Kaindi," aliniambia.

"Nitaiweka 2091. Nani atajua?"

Hakujibu. Mimi nikajiambia amekubali. Tazameni tamaa ya mwandishi.

Tangu atoke jeshini, Mutie alikuwa msimamizi wa walinzi huko Lavington. Lakini kazi haikuwa ndiyo inayomtoa kitandani. Kilichomtoa kitandani ni kumpeleka Mwelu, binti wa Nzuki, shuleni kila asubuhi. Mtoto alikuwa akimshika mkono, wanaongea njia nzima. Kakangu hakuwa na kingine duniani.

Mimi nilijua hivyo. Na bado Jumapili, baada ya kanisa, nikakaa chini nikamjibu Mtu wa Kawaida mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye hujui vita. Sura ya tisa ilitokea kweli. Kakangu alikuwa jeshini na ndiye aliyefunga huo mlango."

Watu mia mbili na zaidi wakapenda. Nikalala nikitabasamu.

Jumatatu Veronicah, aliyekuwa ameliona jibu langu, akatuita Adams Arcade. Mengine mmeshayasikia.

Alipoondoka, tulibaki tumesimama kwenye jua. Mutie akatoa simu yake, akanipa bila neno. Niliangalia ile akaunti iliyofunguliwa hapo...

Mtu wa Kawaida alikuwa yeye.

"Ni wewe?" nikauliza. "Ulikuwa unanichafulia kitabu?"

"Nilikuwa nataka waseme ni uongo. Wote. Mama Mwelu alikuwa ameanza kukisoma, alikuwa amefika sura ya sita."

"Si ungeniambia tu, Mutie?"

"Nilikuambia. Jikoni kwako."

Akachukua simu yake, akavuka barabara. Hakugeuka.

Sasa ni miezi mitatu. Kazi ameacha. Nampelekea chakula kwake Muthangari, nakikuta mlangoni kesho yake vile nilivyokiacha. Mwelu amenipigia mara mbili kuuliza kama anko ni mgonjwa. Nilimwambia ndiyo.

Maoni yangu nilifuta, sura ya tisa nikaomba itolewe katika chapa ijayo. Nani anajali? Kitabu sasa kinanunuliwa kwa sababu ya sura hiyo. Wanasema sasa wanaiamini.

Wiki jana nilienda kwa Veronicah kuomba msamaha. Hakunifokea. Alinipa kiti, akauliza swali moja tu.

"Umeandika alibisha dakika kumi na moja. Hizo ni za kitabu ama ni za kweli?"

Wasomaji wangu, siri ya mtu haiwi yako kwa sababu alikulilia wewe. Hata uihamishe miaka sabini mbele, hata umbadilishie jina, bado ni yake. Shikeni hilo kama hamtashika lingine.

Nilimwangalia machoni.

"Ni za kitabu, mama Mwelu. Nilitunga tu."

Akatikisa kichwa kama mtu asiyeniamini. Kisha akaniuliza kama Nzuki aliita jina lake yeye, Veronicah, hata mara moja.