Mbio Zina Uwanja Wake

Kila Jumapili baada ya ibada, Naeku alipanga mayai kwenye trei nje ya nyumba yake, upande ule wa Isinya wenye ploti mpya. Jumatatu mayai hayo yaliingia kwenye Probox na kupelekwa Kitengela kwa wenye hoteli. Siku ya mnada, gari hilohilo lilibeba mbuzi hadi Bisil. Ndilo lililowalisha na kumsomesha binti yao, Soipan. Naeku alilijua kwa mlio, hata likiwa mbali.

Kwa hiyo Jumapili moja alipolisikia likija, alijua kuna jambo. Lilikuwa linakuja polepole, na mumewe, Lemein, hakuwa mtu wa kuendesha polepole.

Bonet ilikuwa imekunjika. Taa moja haikuwepo. Kwenye grili kulikuwa na damu na manyoya mekundu.

"Umegonga nini, Baba Soipan?" Naeku aliuliza.

Lemein alishuka bila kumtazama. "Ndama."

"Ya nani?"

"Ya Yeyo."

Yeyo ni mama. Ndivyo walivyomwita mama mzazi wa Lemein, aliyekaa boma la ng'ambo ya barabara ya murram, isiyo na lami. Naeku aliangusha trei.

"Na Yeyo mwenyewe?"

"Yuko sawa. Alikuwa anavusha ng'ombe. Mimi na Mugo tulikuwa tunapimana tu, halafu pale kwa kona..."

"Alikuwa karibu na hiyo ndama aje?"

"Alikuwa anaisukuma na fimbo."

Urefu wa fimbo, basi. Huo ndio uliobaki kati ya Yeyo na kaburi. Naeku aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia kifuani ndani ya blauzi.

"Kupimana," alisema. "Mtu mzima, uko na mtoto shule, unapimana na rafiki yako Mugo kwa barabara ya watu."

Tuseme ukweli hapa, maana hadithi hii si ya Lemein peke yake. Barabara ile ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mbio kila Jumapili. Watu walizilaani mbio hizo kanisani asubuhi. Mchana watu walewale walitoka na viti kutazama, wakapiga makofi. Wengine walibeba watoto mgongoni. Halafu damu ikimwagika, kila mtu anauliza serikali iko wapi.

Jioni hiyo Naeku alivuka kwenda bomani kwa Yeyo. Njiani hasira ilizidi, kwa sababu ndama yule hakuwa ndama tu. Naeku alipoolewa, Yeyo alimkaribisha kwa kumpa ndama jike. Na kwa Wamaasai, aliyekupa ndama hamwitani tena kwa majina. Yeye anakuita Paashe, na wewe unamwita Paashe, mpaka kufa. Ndama aliyekufa alikuwa uzao wa yule wa kwanza.

Lemein alimfuata nyuma. Alipofika mbele ya mama yake, aliinamisha kichwa ili aguswe, kama mtoto anavyosalimia mkubwa. Yeyo aliurudisha mkono ndani ya shuka.

"Paashe," alimwambia Naeku, "na wewe sina neno. Lakini huyu asinisalimie. Angeniua, halafu angeambia watu alikuwa anacheza."

Lemein alibaki ameinama. Hakuna aliyemwonea huruma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kesho yake Lorna alikuja kununua mayai. Lorna alikuwa jirani yao, muuguzi katika hospitali moja ya Kajiado. Aliitazama bonet, akamtazama Naeku, wala hakuuliza.

"Ni mbio," alisema.

"Ni ujinga," Naeku alijibu. "Naiuza hii gari. Siku ya mnada naipeleka Bisil, niiuze pamoja na mbuzi."

"Halafu ataazima ya Mugo."

Hilo Naeku hakuwa amelifikiria, na lilimchoma zaidi.

"Mama Soipan, mimi nashona watu wa hizi barabara kila wiki," Lorna alisema. "Nimechoka. Mwenye alikuwa anashindana anakuja akilia. Mwenye amegongwa anakuja akiwa amenyamaza. Sasa nisikize. Mzee wako anapenda mbio, na hiyo haitoki kwa kuuza gari. Mpeleke mahali mbio ziko na sheria. Inaitwa autokrosi. Mimi huwa huko Jumamosi zingine, nakagua magari kabla yaingie. Klabu ya huko ilinifundisha."

"Wewe?" Naeku alisimama. "Unaona damu wiki nzima, halafu Jumamosi unaenda kusaidia wazimu? Unaniambia nimpatie mlevi chupa?"

"Nakuambia umtoe kwa barabara." Lorna naye alipandisha sauti. "Kule ni shamba, limefungwa kwa utepe. Hakuna mama anavusha ng'ombe. Gari linaingia moja, peke yake. Hushindani na gari lingine, unashindana na saa. Unazunguka koni za plastiki zimepangwa, na ukiangusha koni unaongezewa muda. Mwenye mbio bila akili anakuwa wa mwisho."

"Na gari lazima iwe ya matajiri?"

Sauti hiyo haikuwa ya Naeku. Ilikuwa ya Lemein, aliyekuwa amesimama nyuma ya banda la kuku, akisikiliza kila neno.

"Hapana," Lorna alisema bila kugeuka. "Magari yanawekwa kwa makundi. Probox haiwekwi na gari ya turbo. Watu wengi huanza na gari ya nyumbani. Lakini hiyo gari itakaguliwa mpaka uchoke."

Naeku aliwatazama wote wawili. Alitaka kukataa. Kisha alimwona Yeyo, kule ng'ambo, akichungulia barabara huku na huku kabla ya kuvuka.

"Sikiza, Baba Soipan," alisema. "Ufunguo unakaa na mimi. Utaenda huko, na nitakuja nikuangalie. Lakini ukishindana tena kwa barabara, hata mara moja, gari inaenda. Na mimi mwenyewe ndio nitaiendesha hadi kwa mnunuzi."

Maandalizi yalichukua muda, na Lemein alilalamika kila hatua. Alidhani leseni yake ya kawaida inatosha. Lorna alimwambia ajiunge na klabu kwanza, kisha achukue leseni ya mashindano. Alidhani ile kofia ya bodaboda iliyopasuka itatosha. Lorna alimwambia kofia iliyopasuka haijui kazi yake tena, na atafute nzima inayokubaliwa na klabu. Alidhani bima ya gari italipa akipata ajali uwanjani.

"Bima ya kawaida mara nyingi haiingii kwa mashindano," Lorna alisema. "Uliza kampuni yako saa hii. Usingoje kuuliza ukiwa umepinduka."

Hatimaye Jumamosi ilifika. Uwanja ulikuwa shamba pana nje ya mji wa Kajiado, penye vumbi jeupe na miiba. Magari yalipanga laini kungoja ukaguzi. Lemein alikuwa amenyoosha bonet na kuweka taa mpya. Alivaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunga, kama alivyoambiwa. Alijiona yuko tayari.

Lorna alifungua buti, akaona gunia.

"Hii ni nini?"

"Chumvi ya ng'ombe," Lemein alijibu kwa fahari. "Ni ya uzito. Probox ikiwa tupu, nyuma inateleza kwa murram. Kila mtu huku anajua."

"Toa."

"Lorna, mimi naendesha murram kutoka zamani."

"Toa. Hii gari ikipinduka, hilo gunia halitakaa huko nyuma likikungoja. Litakuja likutafute kisogo. Na hii jeki toa. Spea, toa. Hizo trei, toa. Zulia la miguu pia, kwa sababu linaweza kuingia chini ya breki. Kitu chochote hakijafungwa na bolti, sitaki kukiona."

Kisha akafungua bonet. "Na betri umefunga na nini?"

"Blada, mpira wa tyubu ya tairi."

"Blada ni ya kufunga mbuzi."

Watu kwenye laini walicheka. Uso wa Lemein ulibadilika. Alifunga buti kwa kishindo hadi vumbi likaruka.

"Nimekuja kukimbia, si kuhojiwa kama mwizi," alisema. "Twende nyumbani."

Naeku alikuwa amengoja nafasi hii tangu Jumapili ile.

"Siku ile hakuna mtu alikukagua," alisema mbele ya watu wote. "Ndama ndiyo ilikukagua. Toa hiyo chumvi."

Lemein alifungua buti tena, akihema. Kisha akaliinua gunia, akaliweka chini. Katee, dereva wa gari lililofuata, alimpa kipande cha chuma na spana ili aifunge betri vizuri. Lorna alirudi, akaitikisa betri kwa mkono. Akatikisa magurudumu, akavuta mkanda wa kiti, akakanyaga breki mara mbili. Akabandika karatasi ya kupita bila kusema pongezi.

Kabla ya gari hata moja kuingia, madereva wageni wote walizungushwa uwanja kwa miguu.

"Usipoijua njia kwa miguu, hutaijua kwa tairi," Lorna aliwaambia. "Na ukiona bendera nyekundu, unasimama. Hapo hapo. Si baada ya kona."

"Hata kama muda wako ni mzuri?" Lemein aliuliza.

"Hasa kama muda wako ni mzuri."

Mzunguko wa kwanza, Lemein aliendesha kwa hasira, vile alivyozoea kule Isinya. Aliingia kona ya kwanza kwa kasi, akaizoa koni. Ya pili akaizoa pia. Kona ya tatu gari lilizunguka lenyewe likaangalia lilikotoka. Alimaliza wa mwisho, akiwa na koni moja chini ya gari. Naeku alifurahi sana, wala hakuona haya.

Lorna alimwendea. "Unafunga breki ukiwa ndani ya kona, ndiyo maana inateleza. Funga kabla, gari ikiwa imenyooka. Zungusha usukani polepole. Ukiona njia ya kutoka, ndio ukanyage mafuta. Na macho yaangalie mahali unaenda, si koni unaogopa."

Mzunguko wa pili hakuangusha koni hata moja. Wa tatu ulikuwa mzuri zaidi. Gari liliingia kona limetulia na kutoka limechangamka. Katee alitazama saa, akaacha kucheka. Hata Naeku alijikuta ameushika utepe kwa mikono miwili.

Ndipo ng'ombe wakaingia. Walikuwa ng'ombe wa Kisemei, mfugaji wa kule, waliovunja ua upande wa chini na kufuata nyasi. Walitokea vichakani karibu na kona ya mwisho. Mbele yao kulikuwa na ndama, amepotea njia, anakimbia ovyo. Bendera nyekundu ilipanda.

Naeku aliona vumbi tu, na ndani ya vumbi hakujua gari liko wapi na ndama yuko wapi.

Vumbi lilipotulia, Probox ilikuwa imesimama mbali na kona, imenyooka. Ndama alipita mbele yake bila haraka. Lemein alikuwa ndani, mikono juu ya usukani, haondoki.

Lorna alifika dirishani. "Kosa si lako. Sheria inakuruhusu urudie."

Lemein alivua kofia. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi peke yake.

"Kwa nini pale kwetu hakuna mtu wa bendera?" aliuliza. Aliuliza kwa ukali, kana kwamba Lorna ndiye aliyemficha.

"Kwa sababu pale si uwanja," Lorna alisema. "Pale ni njia ya mama yako."

Alirudia mzunguko, lakini kila kona aliiendea polepole, akitazama vichakani. Muda ule mzuri hakuupata tena.

Jumapili iliyofuata Mugo alikuja na gari lake, akapiga honi langoni. Lemein alitoka mikono mitupu.

"Leo hatupimani?" Mugo aliuliza.

"Hapa, hapana. Kuja Kajiado, kuna uwanja."

"Kwani umekaliwa na bibi?"

"Ndiyo, nimekaliwa," Lemein alisema. "Na bado niko na mama. Mara ingine unaweza kugonga wako."

Mugo aliondoka akicheka. Lakini kushindana peke yako barabarani hakuna utamu, na Lemein hakutoka tena. Baada ya muda Mugo alionekana kwenye laini ya ukaguzi kule Kajiado, akibishana na Lorna juu ya tairi zilizoisha. Lorna alimrudisha nyumbani. Safari iliyofuata alikuja na tairi nzuri. Siku hiyo Lemein alimshinda, na kazi ya kuokota koni za Mugo iliwachosha watu. Barabara ya murram ilirudi kuwa barabara. Waliokuwa wanatoka na viti walikosa cha kutazama.

Siku moja Naeku alimpelekea Yeyo sukari. Yeyo alikuwa amekaa mbele ya moto, sufuria ikichemka. Alianza kuzungumza bila kumwangalia.

"Nimesikia kutoka kwa watu wa Kisemei. Ati ng'ombe ziliingia kule kwa mbio, na kijana wangu akasimama."

"Ni kweli."

"Alisimama mwenyewe, ama gari ndiyo ilizima?"

"Alisimama mwenyewe, Paashe. Na siku hiyo alikuwa anakimbia vizuri kuliko siku zote."

Yeyo alisukuma kuni ndani ya moto. "Wewe hasira imeisha?"

"Bado kidogo."

"Hata mimi."

Alichukua vikombe viwili, akavipangusa kwa shuka. Akatazama mlangoni, akachukua cha tatu.

"Mwambie aje anywe chai," alisema.